Kung'arisha si kukarabati: haki ya meza ya kulia ya zamani

Mirathi inapogawanywa, watu hugombea nyumba, kiwanja na shamba. Meza ya kulia chakula na viti vyake haviingii kwenye ugomvi huo. Huachwa barazani, meza ikapigiwa pasi, ikawekewa ndoo za maji, hadi siku mnunuzi wa vitu chakavu atakapopita na kuichukua kwa bei ya kuni. Baada ya muda warithi walewale huingia duka la samani na kununua meza ya vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi na kubandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Meza hiyo ikimwagikiwa maji mara mbili tatu, pembe zake huvimba, na hakuna fundi awezaye kuirudisha ilivyokuwa.

Wapo pia wenye nia njema. Hao huipeleka meza ya wazazi kwa fundi, wakairudisha nyumbani inang'aa kama kioo. Mwaka haupiti, viti vinaanza kulia kila mtu akikaa, na ufa wa katikati ya meza unarudi palepale. Fedha imelipwa, lakini kilichotibiwa ni ngozi, mifupa haikuguswa. Kung'arisha si kukarabati, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo inayoamua kama meza itafika kwa wajukuu au itaishia jalalani.

Mti uliomo ndani ya meza

Samani nyingi za zamani katika nyumba za Afrika Mashariki ni za mvule, mninga, msaji au mkangazi. Baadhi zilitoka katika karakana za mafundi wa Kihindi na Waswahili wa miji ya pwani. Nyingine zilitoka katika shule za ufundi za misheni. Zipo pia zilizotengenezwa kwa ajili ya nyumba za maofisa wa serikali ya kikoloni, chini ya idara ya kazi za umma iliyojulikana kwa herufi zake tatu, PWD. Hizo za serikali mara nyingi hazina nakshi: zina miguu minene, mbao nzito na mistari iliyonyooka. Uzuri wake uko katika mbao na katika maungio.

Mvule ukipasuliwa huwa na rangi ya njano, kisha mwanga na miaka huugeuza kuwa kahawia iliyokolea. Ndani yake mara nyingine mna mawe madogo ya chokaa ambayo mti wenyewe umeyatunga, na hayo hula meno ya msumeno na makali ya randa. Mninga ni mwekundu wenye michirizi ya kahawia, mti wa misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na mikoa jirani. Mafundi waliupenda kwa sababu ukishakauka vizuri haupindi ovyo, wala hausinyai sana hali ya hewa inapobadilika.

Mti wa mninga huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Meza iliyotengenezwa miaka ya 1950 huenda ilitokana na mti uliochipua kabla Wajerumani hawajafika Tanganyika. Leo dunia nzima inautazama mti huo kwa hadhari. Mnamo Novemba 2022, katika mkutano uliofanyika Panama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mininga yote ya Afrika iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo, kwa hiyo biashara ya kimataifa ya mbao zake inahitaji kibali. Mpingo na jamaa zake walitangulia, na udhibiti wao ulianza Januari 2017. Anayetupa meza ya mninga ametupa mbao ambazo kesho atashindwa kuzinunua, na anayeikarabati ameacha mti mmoja zaidi usimame porini.

Ipindue kwanza

Fundi makini hafungui kopo la vanishi siku ya kwanza. Huipeleka meza mahali penye mwanga wa jua na kuipindua miguu juu, kwa sababu upande wa chini haujui kudanganya. Huko huonekana rangi ya awali ya mbao, alama za msumeno au randa, misumari iliyoongezwa baadaye, na viraka vya watu waliopita.

Yapo mambo manne ya kutafuta. La kwanza ni maungio. Shika mguu mmoja uutikise, kisha ushike mgongo wa kiti na kikalio chake uvivute taratibu. Kiungo kinachocheza kitaonyesha mstari mweusi wa gundi iliyokufa.

La pili ni bungua. Matundu ya zamani yenye kingo nyeusi si hatari kwa lolote. Matundu mapya yana kingo safi, na chini yake hudondoka unga mlaini. Samani yenye unga huo itengwe na nyingine siku hiyohiyo, ipigwe dawa ya wadudu wa mbao kwa kuingizwa ndani ya matundu, na iachwe ikiangaliwa kabla ya kazi nyingine yoyote.

La tatu ni vinia. Meza nyingine, hasa zilizoletwa kutoka Ulaya, zina tabaka jembamba la mbao ya thamani lililobandikwa juu ya mbao ya kawaida. Tazama ukingo wa meza: kama nyuzi za juu haziendelei hadi ubavuni, kuna vinia. Msasa wa mashine hulimaliza tabaka hilo kwa dakika chache, na likishatoboka halirudi.

La nne ni aina ya kilichopakwa juu. Chukua pamba yenye spiriti na uiguse sehemu iliyofichika. Kama mpako unalainika na kunata kidoleni, hiyo ni shelaki. Kama spiriti haifanyi kitu lakini thina ya laka inauyeyusha, ni laka, ambayo ilienea viwandani kuanzia miaka ya 1920. Kama vyote viwili havifui dafu, huenda mtu aliupaka uso huo vanishi ya kisasa ya poliurethani. Jaribio hili halina gharama yoyote na huokoa kazi nyingi, maana kila mpako una dawa yake.

Maungio ndiyo kazi yenyewe

Meza na viti vya zamani havikushikwa kwa misumari. Ncha ya ubao mmoja ilichongwa ulimi, na mguu ukachimbwa tundu la kuupokea. Gundi ilipikwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe, ikapakwa ikiwa ya moto. Gundi hiyo ina sifa ambayo gundi nyingi za leo hazina: joto na unyevu huilegeza. Waliojenga kiti kwa gundi hiyo walimwachia fundi wa baadaye mlango wa kuingilia.

Kwa bahati mbaya kiti kikianza kucheza, jambo la kwanza tunalolifanya ni kupiga msumari. Msumari hupasua ulimi, hupata kutu, na huzuia kiungo kisifunguke tena siku ya matengenezo. Viti vingi vilivyoshindikana havikuharibiwa na umri. Viliharibiwa na misumari ya watu waliotaka kuvisaidia.

Njia sahihi ni kufungua kila kiungo kinachocheza. Kabla ya hapo kila kipande kipewe alama kwa chaki au karatasi ya gundi, kwa kuwa kila ulimi ulichongwa kwa mkono kwa ajili ya tundu lake peke yake, na ukiubadilisha hautakaa. Kiungo kigumu hulegezwa kwa maji ya moto yanayoingizwa kidogo kidogo, kisha kikagongwa taratibu kwa nyundo ya mpira juu ya kitambaa. Kikishafunguka, gundi ya zamani ikwanguliwe hadi mbao ionekane. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, nayo ndiyo inayoangusha kazi: gundi nyeupe tunayoinunua dukani ni imara sana ikikutana na mbao safi, lakini haishiki juu ya gundi kavu.

Ulimi uliokonda huongezewa unene kwa kubandika kipande chembamba cha mbao ya aina ileile, kisha ukachongwa upya hadi uingie kwa kusukumwa na mkono. Tundu lisijazwe vumbi la mbao lililochanganywa na gundi, maana mchanganyiko huo hauna nyuzi na hauwezi kubeba uzito wa mtu. Kiti kiunganishwe kwanza bila gundi kuona kama kinakaa sawa, kisha kwa gundi, kikabanwa kwa klempu. Asiye na klempu ndefu huzungusha kamba kwenye miguu yote minne na kuikaza kwa kijiti. Kabla gundi haijashika, fundi apime kutoka pembe hadi pembe pande zote mbili. Vipimo vikilingana, kiti kimekaa mraba. Kisimamishwe juu ya sakafu iliyo sawa na kiachwe hadi kesho yake.

Katika kiti, kiungo cha kutazamwa kuliko vyote ni kile kinachounganisha ubao wa ubavuni wa kikalio na mguu wa nyuma. Mtu akiegemea nyuma, na hasa akikiinua kiti kwa miguu miwili, uzito wote huishia hapo. Kiti kilichofungwa vizuri mahali hapo kitabeba vizazi.

Upande wa meza, adui mkubwa ni uso uliobanwa. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana kadiri hewa inavyopata unyevu au kukauka, na haiachi kufanya hivyo hata baada ya miaka mia. Meza iliyozoea hewa ya Tanga ikihamishiwa Dodoma, au ikiwekwa katika chumba chenye kiyoyozi mchana kutwa, husinyaa. Kama uso wake umekazwa kwa skrubu au gundi kwenye fremu bila nafasi ya kusogea, utapasuka. Ndiyo maana kuziba ufa bila kuulegeza uso ni kazi bure. Kwanza yatanuliwe matundu ya skrubu yawe marefu kidogo kuelekea upana wa mbao, ndipo ufa uzibwe kwa ukanda mwembamba wa mbao ileile, wenye nyuzi zinazoelekea upande mmoja na za meza.

Uso: ondoa kidogo uwezavyo

Katika karakana zetu, kuanzia Keko jijini Dar es Salaam hadi kandokando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, mkono huwahi kukimbilia grenda yenye msasa. Inafanya kazi haraka, na mteja anataka haraka. Lakini grenda huacha mikwaruzo ya mviringo inayojitokeza mara tu vanishi ikipakwa, hula kingo zilizolainishwa na mikono ya watu kwa miaka, na huondoa rangi ile iliyokolea ambayo mvule huipata kwa muda tu. Meza hutoka ikiwa na sura ya mbao mpya. Katika biashara ya samani za kale, uso wa asili uliotunzwa ndio unaopandisha bei, na uliokwanguliwa wote huishusha.

Anza na maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa kilichokamuliwa, ukikausha papo hapo. Fuata na tapentaini kuondoa nta na mafuta ya zamani. Weusi mwingi tunaodhani ni mbao iliyozeeka ni moshi, mafuta ya chakula na jasho la mikono, nao huondoka hapa. Watu wengi wakifika hatua hii hugundua kwamba mpako wa awali bado upo na unafaa.

Kama ni shelaki, kuna habari njema zaidi. Shelaki hutokana na utomvu wa mdudu mdogo wa India na nchi jirani zake, huyeyushwa kwa spiriti, na tabaka jipya huyeyuka kidogo na kushikana na la zamani. Mikwaruzo midogo huweza kufungwa kwa kitambaa cha pamba chenye spiriti kidogo, bila kukwangua chochote. Duara jeupe lililoachwa na kikombe cha chai ni unyevu ulionaswa ndani ya mpako, na kitambaa kilichoguswa spiriti kwa mbali, kikipitishwa haraka, mara nyingi hulifuta. Duara jeusi ni jambo jingine: maji yamefika kwenye mbao yenyewe, mara nyingi yakiwa yamekutana na chuma. Hilo hutolewa kwa asidi ya oksaliki baada ya mpako kuondolewa, kisha mbao ikaoshwa vizuri. Asidi hiyo ni sumu, itumike kwa glavu na mbali na watoto.

Mpako wa juu ukishindikana kabisa, utolewe kwa dawa ya kutolea rangi na kikwangulio chenye pembe zilizoviringwa. Baada ya hapo msasa utumike kwa mkono, kufuata nyuzi za mbao, kuanzia namba 120, kisha 180, kisha 240. Alama ya kisu na mchubuko wa miaka mingi viachwe kama havimdhuru anayekula. Hizo si kasoro, ni maisha ya nyumba hiyo.

Mpako unaofaa nyumba yako

Swali ninalosikia sana ni vanishi ipi iliyo bora. Jibu linategemea kinachotua juu ya meza. Kwa miguu, migongo ya viti na meza isiyotumika kila siku, shelaki haina mpinzani kwa uzuri wa kina chake na urahisi wa kuirekebisha. Kipimo kizuri cha kuanzia ni takriban gramu 120 kwa lita moja ya spiriti, ipakwe kwa tabaka nyembamba sana, nyingi. Lakini shelaki huogopa joto. Sufuria ya ugali iliyotoka jikoni au sinia la pilau litaacha alama. Kwa uso wa meza inayolisha familia kila siku, vanishi ya mafuta iliyozimuliwa, ikapakwa kwa kitambaa na kufutwa tabaka baada ya tabaka, ni chaguo la busara zaidi.

Hali ya hewa nayo ina kauli. Pwani wakati wa masika, spiriti inapokauka hupoza uso wa mbao na kuvuta unyevu wa hewani, na shelaki hugeuka kuwa na ukungu mweupe. Kazi hiyo ipangwe miezi ya kiangazi, mchana, si baada ya mvua. Mwisho wa yote pakwa nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini. Nta nzuri inatoka Tabora, katika misitu ileile ya miombo inayozaa mninga, na huhitaji kurudiwa mara moja au mbili tu kwa mwaka.

Vikalio vya viti navyo vina haki yake. Kama kiti kilisukwa kwa henzirani, kisukwe tena kwa henzirani. Kugongomea ubao na sponji juu ya matundu ya henzirani huharibu fremu na kubadilisha kimo. Meza ya kulia kwa kawaida ina kimo cha sentimita 75 hivi na kikalio sentimita 45. Sponji nene ikipunguza nafasi hiyo, magoti hugonga fremu na hakuna atakayekaa kwa raha.

Usalama usio na mjadala

Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, na la mninga huchokoza pua, kwa hiyo barakoa si anasa. Rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na samani iliyopakwa rangi hizo isipigwe msasa mkavu, hasa penye watoto. Na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visirundikwe pembeni mwa karakana: vikikauka hutoa joto na huweza kuwaka vyenyewe, bila kiberiti. Vitandazwe nje kimoja kimoja au vitiwe kwenye maji.

Mteja naye abadilike

Ni rahisi kumlaumu fundi, lakini fundi hufanya kile anacholipwa kufanya. Tunapogombania bei ya kazi na kudai meza irudi Ijumaa, tumemwambia apake vanishi juu ya maungio yaliyokufa. Gharama kubwa ya ukarabati ni saa za mikono: kufungua, kukwangua gundi, kuchonga na kusubiri ikauke. Vanishi ni sehemu ndogo tu. Basi makubaliano yaandikwe hivyo. Piga picha za samani kabla haijaondoka nyumbani. Taja maungio yatakayofunguliwa, mbao itakayotumika kuzibia na mpako utakaowekwa. Lipa kwa hatua, na hatua ya katikati iwe siku utakayokwenda kuona meza na viti vikiwa vimeunganishwa, vikavu, kabla ya tone la vanishi kuvigusa. Fundi anayejua kazi yake atafurahi kuonyesha, kwa kuwa hapo ndipo ustadi wake unapoonekana.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inataja waziwazi milango na fremu za milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 kuwa vitu vinavyolindwa. Meza ya kulia haikutajwa. Ulinzi wake uko mikononi mwa mwenye nyumba na fundi wake. Basi kabla mnunuzi wa vitu chakavu hajabisha hodi, itoe meza hiyo barazani, ipindue juani, utikise miguu yake, kisha umtafute fundi atakayekuuliza kuhusu maungio kabla ya kukuuliza rangi unayoitaka.